Fakir Mohan Senapati: Mtetezi wa Lugha ya Kiodia

Fakir Mohan Senapati alizaliwa mwaka 1843 mjini Balasore, katika pwani ya Odisha, mashariki mwa India. Wazazi wake walifariki angali mchanga, akalelewa na nyanya yake. Jina lake la awali lilikuwa Braja Mohan. Alipougua karibu kufa, bibi huyo Mhindu aliweka nadhiri kwa mawalii wa Kiislamu kwamba mjukuu akipona angekuwa fakiri wao. Alipona, na jina likamganda. Alifanya kazi za sulubu tangu utotoni, akasoma kidogo tu, lakini hatimaye akawa mwalimu.

Enzi hizo Odisha ilitawaliwa na Waingereza kutoka Calcutta, na nyadhifa nyingi zilishikwa na Wabengali. Mwaka 1870 mwalimu mmoja wa Balasore, Kanti Chandra Bhattacharya, alichapisha kijitabu kilichodai kuwa Kiodia si lugha inayojitegemea. Mzozo huo ulipita mipaka ya sarufi. Njaa ya mwaka 1866 ilikuwa imeangamiza watu wapatao milioni moja, na kwa walionusurika, lugha ya shule ndiyo ingeamua nani angeajiriwa na nani angebaki mgeni kwao.

Wapinzani walishikilia kwamba Kiodia hakikuwa na vitabu vya kufundishia. Hapo, lazima ikubaliwe, hawakukosea sana: utanzu wa ushairi ulikuwa umestawi kwa karne nyingi juu ya majani ya mvumo, ila vitabu vya shule vilikuwa haba. Fakir Mohan aliliona pengo hilo mapema. Mwaka 1868 yeye na wenzake walikuwa wamechangisha fedha wakaanzisha kiwanda cha uchapishaji Balasore. Akaandika vitabu vya historia na hesabu. John Beames, mtawala Mwingereza wa wilaya hiyo na mwanaisimu, aliunga mkono hoja ya Waodia, na Kiodia kikabaki shuleni.

Kwa miaka mingi baadaye alihudumu kama waziri katika falme ndogondogo. Kazi zake bora alizitoa uzeeni. Riwaya yake Chha Mana Atha Guntha, iliyochapishwa jaridani kuanzia 1897, yasimulia jinsi mkopeshaji Mangaraj anavyowapokonya mafundi wa kufuma kishamba chao. Humo Kiodia cha gulioni na kisimani kiliingia katika nathari kwa mara ya kwanza kwa uzito huo, pamoja na kejeli na matusi yake. Hadithi fupi Rebati, ya 1898, yahusu msichana mwenye kiu ya kusoma, ambaye nyanyake anamlaumu kwa maafa yote yaliyoikumba nyumba.

Alifariki mwaka 1918. Odisha ikawa mkoa wa wasemaji wa Kiodia tarehe 1 Aprili 1936.