Mwanamfalme Franz Ferdinand (1863–1914)

Franz Ferdinand alizaliwa tarehe 18 Desemba 1863 mjini Graz, Austria. Baba yake alikuwa mdogo wake Kaisari Franz Joseph, hivyo hakutarajiwa kutawala. Mambo yalibadilika mwaka 1889, Rudolf, mwana pekee wa Kaisari, alipojiua. Baba yake alipofariki mwaka 1896, Franz Ferdinand akabaki mrithi wa kiti cha enzi cha Austria-Hungaria.

Mwaka 1900 alimwoa Sophie Chotek. Kwa kuwa Sophie hakutoka katika ukoo wa kifalme, Kaisari aliridhia ndoa hiyo kwa sharti kwamba watoto wao wasirithi ufalme.

Dola hiyo ilikuwa na watu wapatao milioni 50 wa mataifa mengi, lakini Wajerumani na Wahangaria ndio walioshika hatamu. Franz Ferdinand aliona kwamba bila mageuzi dola ingesambaratika. Alifikiria kuwapa Waslavu nafasi kubwa zaidi katika utawala. Hakuwapenda Waserbia, lakini Jenerali Conrad von Hötzendorf alipotaka Serbia ishambuliwe, alimpinga, kwa kuhofia kwamba Urusi ingeingia vitani.

Tarehe 28 Juni 1914 alizuru Sarajevo, Bosnia. Asubuhi alirushiwa bomu, likamkosa. Baadaye dereva wake alikosea njia. Gari liliposimama ili ligeuzwe, Gavrilo Princip, Mserbia wa Bosnia mwenye umri wa miaka 19, aliwapiga risasi yeye na mkewe, wakafa. Tarehe 28 Julai Austria-Hungaria iliitangazia Serbia vita. Mwezi Agosti manowari ya Uingereza ilikuwa tayari imeipiga mizinga Dar es Salaam, iliyokuwa chini ya Wajerumani. Mwaka 1918 dola ya Austria-Hungaria ilisambaratika.

Je, kama angenusurika? Majenerali wa Vienna wangekosa kisingizio, na mtu mwenye uwezo wa kuwazuia angekuwapo. Huenda vita visingeanza mwaka huo. Hata hivyo, mashindano ya silaha, miungano ya kijeshi, ugomvi wa makoloni na uhasama katika Balkani vilikuwapo kabla ya kifo chake, na vingebaki hata kama angeishi.

Zingatia: Mtahiniwa anayeandika kwamba Princip alisababisha Vita vya Kwanza vya Dunia amejibu nusu ya swali. Mauaji ya Sarajevo ni sababu ya papo hapo. Eleza pia sababu za msingi, kisha onesha jinsi zilivyofanya kifo cha mtu mmoja kuwa vita vya dunia.