Major Taylor: Bingwa wa baiskeli aliyevuka bahari kutafuta mbio za haki

Ukitoka Shinyanga mjini kwenda Tinde asubuhi na mapema, utakutana nao njiani. Vijana wamefunga magunia ya mkaa nyuma ya baiskeli. Mama amekaa kwenye karia, amepakata mtoto, anapelekwa zahanati. Kule Geita, kwenye maeneo ya machimbo kama Katoro na Nyarugusu, baiskeli hubeba madumu ya maji na viroba vya mawe. Na ikitangazwa siku ya mbio za baiskeli, watu hujipanga pande zote mbili za barabara tangu jua halijapanda. Sisi wa Kanda ya Ziwa baiskeli hatukusimuliwa, tunaijua.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, leo tunakuletea maisha ya mwendesha baiskeli mmoja aliyefariki zamani sana. Alikuwa mtu mweusi, Mmarekani, na kuna wakati hapakuwa na mtu duniani aliyeweza kumpita kwenye mbio fupi. Jina lake ni Marshall Walter Taylor, lakini dunia ilimjua kama Major Taylor. Tutaangalia zaidi msimu mmoja wa maisha yake, mwaka 1901, alipokwenda kushindana Ulaya.

Mtoto wa Indianapolis

Taylor alizaliwa tarehe 26 Novemba 1878 katika mji wa Indianapolis, jimbo la Indiana. Wazazi wake walikuwa wametoka Kentucky, jimbo ambalo kabla ya hapo lilikuwa na utumwa. Baba yake alikuwa mwendesha gari la farasi wa familia moja tajiri ya Wazungu. Familia hiyo ilikuwa na mtoto wa kiume wa rika la Marshall, wakawa wanacheza pamoja, na huko ndiko Marshall alikopata baiskeli yake ya kwanza. Familia ile ilipohamia Chicago, yeye alibaki kwao. Akaanza kusambaza magazeti kwa baiskeli, na njiani akawa anajifunza michezo ya kuichezea.

Duka moja la baiskeli mjini likaona kipaji kile, likampa kazi ya kufanya michezo yake mbele ya mlango ili kuvuta wateja. Alivaa sare kama ya mwanajeshi, watu wakaanza kumwita Meja, yaani Major. Jina likaganda mpaka kaburini.

Mwenye duka alimwingiza kwenye mbio za barabarani za kilomita 16 kwa utani tu, ili watazamaji wacheke. Mvulana yule akazichukulia kwa uzito, akashinda.

Mkimbizaji asiyetakiwa

Tatizo lilikuwa rangi yake. Mwaka 1894 chama kikuu cha waendesha baiskeli nchini Marekani kilipiga kura na kuwazuia watu weusi kuwa wanachama. Taylor akapata msaada wa Louis Munger, Mzungu aliyekuwa mkimbizaji wa baiskeli na baadaye mtengenezaji wa baiskeli. Mwaka 1895 Munger alihama naye kwenda Worcester, jimbo la Massachusetts, ambako mambo yalikuwa na nafuu kidogo.

Mwaka 1896, akiwa na miaka 18, Taylor aliingia kwenye mbio za kulipwa. Mwezi Desemba mwaka huo alishiriki mbio za siku sita mjini New York, za kuzunguka ndani ya ukumbi usiku na mchana. Alimaliza wa nane, baada ya kukanyaga zaidi ya kilomita 2,700. Pima mwenyewe: ni kama kutoka Shinyanga kwenda Dar es Salaam, kurudi, kisha kuanza tena safari ya Dar.

Lakini kipaji chake kilikuwa kwenye mbio fupi za kasi. Kadiri alivyoshinda, ndivyo chuki ilivyoongezeka. Kwenye majimbo ya kusini hakuruhusiwa kushindana, kwa hiyo alikosa pointi ambazo wenzake walizipata huko. Kuna hoteli zilizomfungia mlango na migahawa iliyokataa kumpa chakula. Uwanjani wapinzani walikuwa wakishirikiana kumbana katikati ili asipate njia. Mwaka 1897, katika mji wa Taunton, mpinzani mmoja aliyeshindwa naye alimfuata baada ya mbio, akamkaba shingo mpaka akazimia. Aliyefanya hivyo aliadhibiwa kwa faini tu.

Pamoja na hayo yote, mwezi Agosti 1899, mjini Montreal, Kanada, Taylor alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za maili moja. Alikuwa mtu mweusi wa pili kuwa bingwa wa dunia katika mchezo wowote, akimfuata bondia George Dixon wa Kanada. Mwaka 1900 akawa bingwa wa Marekani pia.

Suala la Jumapili

Waandaaji wa mbio wa Ulaya walimtaka muda mrefu. Kwa nini hakwenda mapema? Kwa sababu ya Jumapili.

Taylor alikuwa Mkristo wa Kibaptisti, alilelewa hivyo na mama yake, na alikuwa ameamua kwamba siku ya Bwana hashindani. Ulaya nako Jumapili ndiyo ilikuwa siku kubwa ya mbio, siku ambayo viwanja hujaa na fedha huingia. Wafaransa waliahidi fedha nyingi, naye akakataa. Wakarudi tena, akakataa tena. Mwishowe wao ndio waliolegea. Mkataba wa 1901 ulimruhusu kushindana siku nyingine za wiki, Jumapili akapumzika.

Mwezi Machi 1901 akapanda meli.

Msimu wa 1901

Kituo kimoja cha mwanzo kilikuwa Berlin, Ujerumani. Msikilizaji, kumbuka kwamba mwaka huo Berlin ndiyo ilikuwa makao makuu ya serikali iliyotawala nchi yetu. Amri zilizowafikia babu zetu wa Usukuma zilikuwa zinatoka huko. Sasa katika mji huo huo, Wajerumani walilipa viingilio kumwona mtu mweusi akishindana na bingwa wao, Willy Arend. Taylor alikuwa mgeni wa baridi ile, na mwanzoni alishindwa. Siku chache baadaye walikutana tena, akamshinda Arend.

Kutoka hapo alizunguka Ufaransa, Ubelgiji, Italia, Uswisi na Denmark. Antwerp, Bordeaux, Turin, Geneva, Copenhagen: kila mji ulitaka kumwona. Mara nyingi alishinda, mara chache alishindwa.

Tusidanganyane kwamba Ulaya ilikuwa peponi. Magazeti ya huko yaliandika sana juu ya ngozi yake na umbo la mwili wake, kana kwamba ni kiumbe wa maonyesho. Lakini hotelini alilala, mezani alikula, na akifika kwenye mstari wa kuanzia hakukuwa na kundi lililopanga kumwangusha.

Mtu ambaye kila mmoja alitaka kumwona akipambana naye alikuwa Edmond Jacquelin, kipenzi cha Wafaransa na bingwa wa dunia wa mwaka 1900. Pambano lilipangwa Paris, kwenye uwanja wa Parc des Princes. Wapenzi wa soka mnalijua jina hilo. Mahali pale ambapo leo PSG wanacheza mpira, zamani hizo palikuwa na uwanja wa baiskeli.

Hapa tueleze kidogo mbio zenyewe zilivyo. Wanashindana watu wawili tu, na anayeshinda mizunguko miwili kati ya mitatu ndiye mshindi. Baiskeli haina breki, na pedeli zimeungana na gurudumu, ukiacha kukanyaga na gurudumu linakataa. Hawaanzi kwa kasi. Mwanzoni wanakwenda polepole, wanaviziana kama paka na panya, kwa sababu aliye mbele anapasua upepo na aliye nyuma anapumzika kwenye kivuli chake. Halafu ghafla mmoja anachomoka, na kuanzia hapo ni miguu na moyo mpaka kwenye mstari. Anayewahi kuchomoka huishiwa pumzi, anayechelewa hamfikii mwenzake.

Pambano la kwanza lilikuwa Alhamisi tarehe 16 Mei 1901, sikukuu ya Kupaa kwa Bwana, ili uwanja ujae bila kuigusa Jumapili. Siku hiyo kulikuwa na baridi, na baridi ndiyo ilikuwa adui mkubwa wa Taylor. Jacquelin alishinda mizunguko miwili mfululizo. Kwa furaha yake akaweka kidole gumba puani na kumchezeshea Taylor vidole, dhihaka ya Kizungu mbele ya maelfu ya watu.

Taylor aliumia. Lakini kushindwa huku kulikuwa tofauti na kule alikozoea nyumbani. Hakuna aliyemkaba wala kumbana. Alishindwa na mtu mmoja, kwenye njia iliyo wazi. Na mtu akishindwa kwa haki, anaweza kuomba marudiano. Taylor akaomba, akapewa.

Marudiano yalikuwa tarehe 27 Mei, Jumatatu ya Pentekoste. Taylor alishinda mzunguko wa kwanza. Kabla ya mzunguko wa pili, wote wawili wakiwa juu ya baiskeli tayari kuanza, alinyoosha mkono kumpa Jacquelin, kana kwamba anamuaga na kumwambia huu ndio wa mwisho. Kweli ukawa wa mwisho. Taylor alishinda na huo. Kisha akatoa bendera ndogo ya Marekani aliyokuwa ameificha mwilini, akaipeperusha akizunguka uwanja.

Hebu fikiri jambo hilo. Nchi ambayo hoteli zake zilimnyima kitanda, ambayo chama chake cha baiskeli kilimkataa, ndiyo aliyoibeba mpaka Paris na kuiinua. Ni jambo la kutafakari hata leo.

Baada ya mbio

Taylor alirudi Ulaya miaka mingine, na alishindana Australia pia. Mwaka 1902 alimwoa Daisy Morris. Binti yao alizaliwa Sydney, Australia, mwaka 1904, wakampa jina la mji huo kama jina la pili: Rita Sydney. Mwaka 1910, akiwa na miaka 32, Taylor alistaafu.

Alikuwa amepata fedha ambazo watu weusi wachache sana nchini mwake walikuwa nazo. Lakini, kama wachimbaji wetu wa Geita wanavyojua, kupata ni kitu kimoja na kutunza ni kitu kingine. Aliziweka kwenye biashara, pamoja na kiwanda, na biashara hazikusimama. Afya nayo ikayumba. Aliandika kitabu cha maisha yake, akakichapisha kwa fedha zake mwishoni mwa miaka ya 1920, akawa anakiuza mkononi, nyumba kwa nyumba. Ndoa ikavunjika. Akahamia Chicago, akaishi kwenye hosteli ya YMCA.

Tarehe 21 Juni 1932 alifariki katika wodi ya maskini ya hospitali ya umma mjini Chicago, akiwa na miaka 53. Alizikwa kwenye kaburi la mafukara lisilo na jina. Mtu aliyejaza uwanja wa Paris hakuwa na hata kibao cha mti.

Mwaka 1948 wakimbizaji wa zamani wa baiskeli walikusanyika. Kwa fedha za Frank Schwinn, mwenye kampuni ya baiskeli ya Schwinn, waliufukua mwili wake na kuuzika upya mahali pazuri, wakaweka bamba la shaba lenye jina lake. Mwaka 1982 mji wa Indianapolis, alikozaliwa, uliupa uwanja wake wa baiskeli jina la Major Taylor. Mwaka 2008 Worcester nao wakamjengea mnara.

Tunabaki na nini?

Hakuna aliyempa Taylor miguu yake. Hiyo alizaliwa nayo na akaifanyia kazi. Alichokuwa anakosa ni mstari wa kuanzia ulio sawa kwa wote, na alilazimika kuvuka bahari kuupata. Alipoupata, siku ya kwanza alishindwa, siku ya pili akashinda, na hakuna aliyebaki na la kubishania.

Kwetu huku mbio za baiskeli zinaendelea, za wanaume na za wanawake, wengi wakitumia baiskeli ile ile iliyobeba mkaa jana yake. Kama wewe ni mwandaaji wa mbio kijijini kwako, hakikisha mwenye baiskeli chakavu hasukumwi pembeni na mwenye baiskeli mpya, na binti hacheleweshwi kwa sababu ni binti. Na kama wewe ndiye mshindi, sehemu ya zawadi hiyo iweke pale ambapo kesho utaikuta.

Sisi nasi tuandike majina ya wakimbizaji wetu wangali hai. Taylor alisubiri miaka 16 kaburini kabla ya jina lake kuandikwa juu yake.