Elijah Masinde na Dini ya Msambwa

Historia ya nchi inayozunguka Mlima Elgon haikamiliki pasipo kumtaja Elijah Masinde. Alizaliwa Kimilili, Bungoma, mwanzoni mwa miaka ya 1910, katika jamii ya Wabukusu. Ujanani alisifika kwa kandanda, akaichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage. Alilelewa katika Kanisa la Marafiki, lakini akatengwa kwa kuoa mke wa pili.

Nchi aliyokulia ilikuwa ya mgogoro. Hadi mwaka 1902 ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Mpaka ulipohamishwa, hatimaye Wabukusu wakajikuta Kenya na ndugu zao Wagisu wakabaki Uganda, ingawa mlima, lugha na jando viliendelea kuwaunganisha. Upande wa Kitale, mashamba ya Trans Nzoia yalitwaliwa na walowezi. Wabukusu wengi waliishi humo kama maskwota, huku Wasabaot nao wakishikilia kwamba ardhi hiyo ni ya mababu zao.

Katika hali hiyo ndipo Masinde alipoeneza Dini ya Msambwa. Jina lenyewe linastahili kuzingatiwa. Neno la Kiswahili limeunganishwa na neno la Kibukusu linalohusu mizimu ya wahenga, na kwa muungano huo imani ya wenyeji ikadai hadhi sawa na Ukristo na Uislamu. Waumini walimwabudu Wele, Mungu wa Wabukusu, na kudai wageni waondoke.

Mwaka 1944 Masinde alifungwa kwa kupinga amri za utawala. Mwaka uliofuata alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, akakaa huko hadi 1947. Kumwita mwendawazimu hakukupunguza wafuasi wake. Mwaka huohuo aliwakusanya Chetambe kuwakumbuka Wabukusu waliouawa hapo na majeshi ya Waingereza mwaka 1895. Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi waumini huko Malakisi na kuwaua 11. Dini ikapigwa marufuku, naye akahamishiwa Lamu, mbali kabisa na mlima wake. Hata hivyo, mafundisho yake yaliwafikia Wapokot, ambako Lukas Pkech aliuawa katika mapigano ya Kolloa mwaka 1950.

Masinde aliachiliwa mwaka 1961. Serikali ya Kenya huru iliisajili dini yake mwaka 1964, kisha ikaipiga marufuku mwaka 1968, naye akarudi gerezani zaidi ya mara moja. Alifariki mwaka 1987.

Wapo wanaomwona nabii, wapo wanaomwona mchochezi. Jambo lisilopingika ni kwamba serikali mbili, ya mkoloni na ya wananchi, zilimwogopa mtu yuleyule. Bendera ilikuwa imebadilika, lakini suala la ardhi kati ya Bungoma na Kitale lilikuwa halijapata jibu. Mtafiti wa fasihi simulizi ya eneo hilo hana budi kuanzia hapo.