Euler, Kipofu Aliyezipima Namba

Leonhard Euler alizaliwa Basel, Uswisi, mwaka 1707. Babake, kasisi, alimtakia elimu ya dini; kijana akapenda hesabu, na mwaka 1727 akahamia Saint Petersburg, Urusi.

Mwaka 1732 alimsahihisha marehemu Fermat, bingwa wa Ufaransa. Fermat aliidhani 4,294,967,297 kuwa namba tasa, isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Euler akaigawa kwa 641, pasibakie kitu.

Mwaka 1738 jicho lake la kulia likapofuka. La kushoto likaingia mtoto wa jicho. Upasuaji wa 1771 haukumfaa kwa muda mrefu, na mwaka huo huo nyumba yake ikateketea. Lakini kichwa hakikuzimika: yeye akisema, wanawe na wanafunzi wakiandika.

Mwaka 1772 akathibitisha kuwa 2,147,483,647 ni tasa. Hakuhitaji kujaribu namba tasa zote hadi 46,340. Alijua kwamba kigawanyo chake, kama kipo, kikigawanywa kwa 248 hubakisha 1 au 63, nyinginezo akaziacha. Kwa zaidi ya miaka 70 haikuthibitishwa tasa iliyo kubwa zaidi.

Alifariki 1783, akiwa na miaka 76. Siku hiyo hiyo alikuwa akizungumzia njia ya sayari ya Uranus, asiyoiona.