John Tyndall: Mwalimu Aliyeupindisha Mwanga kwa Maji

John Tyndall alizaliwa mwaka 1820 huko Leighlinbridge, Ireland, akiwa mtoto wa askari polisi. Alianza na kazi ya upimaji ardhi, na mwaka 1847 akaingia ualimu katika shule ya Queenwood, kusini mwa Uingereza. Mwaka uliofuata alikwenda Marburg, Ujerumani, kutafuta elimu ya juu. Mwaka 1853 aliteuliwa kuwa profesa katika Taasisi ya Kifalme ya London, alikokuwapo Michael Faraday.

Mwaka 1854, kwa shauri la Faraday, Tyndall aliwaonyesha wasikilizaji wake jaribio jepesi. Aliyaacha maji yachuruzike kutoka tundu la chombo, akamulika mwanga kupitia tundu hilo. Mchirizi ulipopinda kuelekea chini, mwanga nao ulipinda. Sababu ni kwamba mwanga ulipofika kwenye ukingo wa maji kwa mlazo haukutoka nje, bali uliakisiwa ndani tena na tena.

Jaribio hilo halikuanza naye. Daniel Colladon alikwisha kulionyesha Geneva na kuandika habari zake mwaka 1842. Lakini kwa muda mrefu vitabu vingi vilimpa Tyndall peke yake sifa hiyo.

Mwaka 1872 na 1873 Tyndall alitoa mihadhara Marekani, na faida yake akaiacha huko kuendeleza elimu ya sayansi. Alifariki mwaka 1893.

Kanuni ile ndiyo inayouongoza mwanga katika nyuzi za kioo leo. Fotoni, yaani chembe za mwanga, hutumika humo kugawana ufunguo wa siri kati ya watu wawili walio mbali. Mdukuzi akizipima njiani huibadili hali yake, na wenyewe hugundua. Ugumu ni umbali: kioo humeza fotoni nyingi, na hali ya fotoni isiyojulikana haiwezi kunakiliwa ili kuongezewa nguvu. Hata hivyo, mwaka 2023 wataalamu wa China waligawana ufunguo kupitia nyuzi zenye urefu wa kilomita 1,002.

Mwalimu asiye na maabara anaweza kuanzia alipoanzia Tyndall: chupa angavu iliyotobolewa ubavuni, maji, tochi na chumba chenye giza. Wanafunzi waone kwanza, waulizane sababu, ndipo kanuni itajwe. Na jina la Colladon litajwe pia, kwani kumpa kila mtu haki yake ni sehemu ya somo.