Paul Bomani na Mizani ya Pamba

Paul Bomani alizaliwa mwaka 1925, upande wa Musoma. Alipokuwa kijana alikuwa karani katika mgodi wa almasi wa Mwadui. Aliacha kazi hiyo, akaenda Mwanza kufanya kazi ya ushirika.

Wakati ule wakulima wa pamba Usukumani walikuwa na shida ya mizani. Mtu alilima, akapalilia, akachuma, akabeba pamba yake hadi kwa mnunuzi. Huko akapunjwa. Sisi watu wa Bariadi tunajua uzito wa kazi hiyo! Wakulima wakaanzisha vyama ili wapime pamba wenyewe. Bomani akawa kiongozi wao.

Bomani alitazama mbele. Kupima pamba ni jambo moja, kuendesha biashara ni jambo jingine. Mwaka 1953 alikwenda Uingereza kusoma ushirika. Mwaka 1955 vyama viliungana, naye akawa meneja mkuu. Mapato hayakuliwa yote. Sehemu iliwekwa kwa ajili ya vinu vya kuchambulia pamba. Kinu cha kwanza kilikuwa Kasamwa, Geita, mwaka 1956. Mkulima aliyepunjwa jana sasa alikuwa mwenye kinu.

Baadaye Bomani alikuwa Waziri wa Fedha. Alifariki mwaka 2005.