Ghazali Alipofungwa Ulimi

Kila nikisikia mtu akiambiwa kwamba dhiki ya moyo ni upungufu wa imani, humkumbuka Imamu Ghazali. Alizaliwa Tus, Uajemi, mwaka 1058, na kufikia 1091 alikuwa mwalimu wa Nidhamiya ya Baghdad. Heshima anayo, mali anayo, wanafunzi 300 wanamsikiliza. Alikosa nini?

Mwaka 1095 ulimi ulimfunga. Alijilazimisha kusomesha akashindwa kutamka neno. Hata chakula hakikupita. Matabibu walikata tamaa, wakasema maradhi yameanzia moyoni. Mwenyewe alikiri kuwa alikuwa akisomesha kwa kutafuta jaha. Karibu miezi 6 alikuwa akiazimia asubuhi kuondoka, jioni akighairi. Mwishowe aligawa mali, akabakisha matumizi ya watoto, akaelekea Sham huku akitangaza kwamba anakwenda Makka.

Katika Ihya, ambayo wengi wetu tumeisikia darsani, anaeleza kwamba tabia ya moyo hutibiwa kwa kinyume chake, kidogo kidogo, kama mtu anavyojifunza hati nzuri kwa kuandika mpaka mkono uzoee. Mfano niupendao, kwa kuwa sisi ni watu wa bahari, ni wa mwoga aliyekuwa akipanda chombo wakati wa mawimbi makali ili ajifunze ushujaa. (Simshauri mtu afanye hivyo kusi ikivuma.)

Naye hakupona kwa siku moja. Alikaa faragha miaka kama 11 kabla ya kurudi kusomesha, Nishapur, mwaka 1106.